Barua Iliyong'oa Mlango

Kila mwaka vijana wapya wanapojiunga na chama chetu huniuliza jambo lilelile: kwa nini chumba cha watoto pale Tandika hakina mlango. Wengine hudhani umeibwa. Binti mmoja mwenye huruma zake alijitolea kuleta fundi autengeneze. Nikamwambia akae chini. Fundi ndiye aliyeung'oa, na sababu ilikuwa mimi.

Sasa nimestaafu. Magoti hayanishushi tena mpaka kwenye mchanga, kwa hiyo nina nafasi ya kuungama. Nitaungama vizuri, maana kuungama nako nilijifunza chamani, tena kwa shida.

Nyie mnanijua kama Anti Rehema mcheshi. Hamkumjua Rehema wa miaka ishirini na sita. Alikuwa mpiga taipu wa kiwanda cha nguo, akapunguzwa kazi wakati viwanda vinafungwa na mitumba inashuka bandarini kwa marobota. Alikuwa msichana wa kukunja matambara ya kudekia. Akikosea herufi moja kwenye ukurasa hafuti; anachomoa karatasi, anaanza upya. Kiwandani walimpenda kwa hilo. Kwa watoto, tabia hiyo ni ugonjwa.

Kucheza na watoto nilianza kwa kukosa kazi. Majirani waliniachia watoto wao wakienda sokoni, nami nikakaa nao uani. Mmoja wao, mtoto wa miaka minane aliyekuwa akikojoa kitandani tangu walipohama Gongo la Mboto, aliacha baada ya wiki tatu za kujenga nami nyumba za udongo. Mama yake akatangaza mtaa mzima kwamba nina mkono. Nikaogopa. Mtu asiye na cheti akiambiwa ana mkono hapati usingizi, maana kesho ataambiwa hana. Nikaanza kusoma chochote kilichopita mbele yangu: vijitabu vya malezi kutoka kliniki, maandiko ya semina za walimu wa chekechea, hata kurasa za kitabu cha ualimu nilizofungiwa karanga. Hizo nilizinyoosha kwa pasi. Yote niliyoyaokota niliyageuza kuwa kanuni katika daftari la jalada gumu. Zilifika tisini na nne. Kanuni ya kumi na saba ilisema mlezi asipige chafya mbele ya mtoto. Msiniulize niliitoa wapi.

Mwenyekiti wetu wa kwanza alikuwa Mama Chande, nesi mstaafu wa wodi ya watoto, mwanamke wa Pwani mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee. Alipokuja mara ya kwanza kunitazama nikifanya kazi, nilikuwa nimepanga vitu vya kuchezea juu ya mkeka: wanyama safu yao, watu safu yao, vyombo safu yao, vyote vikitazama upande mmoja kama vinasubiri imamu. Mtoto alikuwa amesimama mikono nyuma.

"Rehema," Mama Chande akasema, "huu ni mkeka wa michezo au duka la dawa?"

"Wa michezo, mama."

"Mbona mtoto anasubiri kuandikiwa?"

Akaukamata mkeka kwenye pembe, akauvuta, vitu vyote vikamwagika sakafuni. Mtoto akakaa palepale akaanza kazi. Hilo lichukueni mapema: mtoto hagusi kilichopangwa vizuri sana. Anajua ni cha mtu.

Na mchanga, kwa kuwa mmeniuliza. Msichukue wa pwani. Una chumvi, na mtoto mwenye kidonda kidoleni atakuchukia. Chukueni wa mtoni, mchekeche, mwagieni maji kidogo asubuhi ili ukikauka usiruke machoni. Wanasesere wa plastiki wenye macho ya buluu walipojaa madukani nilinunua wanne, nikaona tumeendelea. Watoto waliwavua nguo, wakazitumia kuwavisha vifuniko vya soda. Vifuniko vya soda ndivyo vilikuwa watu. Wale wanne wa buluu waliwekwa pembeni kama wageni wa serikali.

*

Mnaniuliza pia kwa nini tulihitaji chama. Tulikuwa saba tu, tungeweza kukaa kila mtu na mkeka wake.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Aliyetaka kuuza aliuza, aliyetaka kutibu alitibu, na vibao vilichipua mitaani kama uyoga. Mtaani kwetu pekee palikuwa na mtaalamu wa kuondoa kigugumizi, na nyumba tatu mbele kulikuwa na mwingine, aliyejiita Profesa, ambaye alifungua ndimi za watoto wasiosema. Njia yake ilikuwa kumfungia mtoto chumba cha giza na kumtisha mpaka apige ukelele. Akishapiga, Profesa anatoka jasho likimtiririka na kumwambia mzazi, umesikia, sauti ipo. Wazazi hawakuwa na namna ya kujua nani ni nani. Na Mama Chande alisema neno ambalo sijalisahau: sisi nasi hatuna namna ya kujua kama hatujawa yule, kwa sababu kila mmoja yupo peke yake na mtoto, na mtoto hawezi kutushtaki. Chama kilikuwa cha kutazamana.

Kukianzisha, hiyo ni hadithi nyingine. Vyama vingi vya siasa ndiyo kwanza vimeruhusiwa. Balozi wa nyumba kumi akasikia kuna chama kinakutana Jumamosi, akaja na daftari.

"Bendera yenu rangi gani?"

"Hatuna bendera, balozi," Mama Chande akamjibu.

"Sera?"

"Tunacheza na watoto waliopatwa na mambo mazito, mpaka wapoe."

Balozi akafikiri. Akaandika kitu. Nilichungulia: ameandika "upinzani".

Jina nalo lilitusumbua. Mzee Maganga, seremala Mnyamwezi aliyetuchongea wanyama wa mbao na kucheza na watoto vizuri kuliko sisi sote, alipendekeza tujiite Wachezeshaji. Tukabandika karatasi ukutani. Wiki hiyohiyo vijana wa timu ya mpira ya Yombo wakaja kuomba mwamuzi wa mechi ya Jumapili. Mzee Maganga hakutaka kuwavunja moyo, akaenda. Alirudi akichechemea, filimbi imepasuka, akasema jina lile tuliache.

Kila Jumamosi tulikutana, na Mama Chande alikuwa na utaratibu mmoja. Kabla ya chai, kila mtu ataje kosa lake la wiki. Si kosa la mtoto wala la mzazi, lako. Mzee Maganga alikuwa akisema kama anayetaja bei ya mbao: "Nilisinzia, mtoto akanizika miguu." Mimi nilikuwa nikilala Ijumaa nikitafuta kosa linalofaa. Nilikuja na makosa safi: nilichelewa dakika mbili, nilisahau kufunga dirisha. Siku moja Mama Chande akaniangalia akasema, "Rehema, kosa lako limepigwa pasi."

Watu walicheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika kanuni mpya kuhusu namna ya kutaja makosa.

*

Sasa Tatu.

Tatu alikuwa na miaka sita. Aliishi Mtoni na babu yake, Mzee Mwinyimvua, Mzaramo wa palepale, fundi cherehani aliyeacha kushona macho yalipofifia. Mama wa Tatu alitoka alfajiri kwenda kuuza samaki na kurudi jioni, hivyo mtoto alilelewa na babu na bibi. Bibi alifariki. Tangu siku hiyo Tatu hakusema neno. Hospitali walimtazama masikio, walimtazama koo, wakasema mtoto mzima. Nesi mmoja aliyemfahamu Mama Chande akamwelekeza babu kwetu, na Mama Chande akanipa mimi.

Alikuwa mtoto mpole ajabu. Alikula, alicheka bila sauti, alikata kucha zake mwenyewe kwa meno. Akitaka maji alikuvuta nguo. Babu alikuwa amechoka na majirani. Profesa wa ndimi alishampitia mara mbili na kumwambia anapoteza wakati, mtoto akizoea ububu haurudi nyuma. Mzee alikuwa mtu wa akili, lakini miezi minne ya kimya ndani ya nyumba inaweza kumfanya mtu wa akili abishe hodi popote.

Tatu alikuwa ameshakuja kwangu mara nne nilipopewa kazi ya kuandika barua. Chama kilitaka kila mzazi apate karatasi inayoeleza sisi ni nani na tunafanya nini. Nani aandike? Mpiga taipu. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye kitu ninachokijua.

Nilikaa nayo siku tatu. Tatizo lilikuwa lilelile la jina. "Wanaocheza na watoto" niliona ni maneno ya mtaani, hayana uzito. Nilitaka neno moja, la kitaalamu, litakaloonyesha kwamba tunacheza kwa ajili ya mtoto. Nikawaza: aliyepika kwa ajili ya wageni amewapikia. Anayeomba kwa ajili ya wagonjwa anawaombea. Basi sisi tunawachezea watoto. Nikaliandika, nikalitazama, nikaona limekaa vizuri katikati ya ukurasa.

Nimezaliwa Temeke, wanangu. Kiswahili sikukisoma, nilikinyonya. Lakini neno ukilitazama siku tatu linaacha kusema, linabaki herufi. Sikumpa mtu mwingine aisome. Hapo ndipo penye kuungama kwenyewe: sikumpa kwa sababu niliogopa angeona kosa.

Alhamisi nilipeleka barua tano kwa miguu yangu. Familia mbili ziliiweka kwanza, zikisubiri mtoto wa shule aje awasomee. Moja ilifungia vitumbua. Mama mmoja aliisoma akacheka mpaka akakaa. Ya tano alipokea Mzee Mwinyimvua.

*

Jumamosi tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi, chai iko jikoni, tukasikia hodi. Mzee aliingia na kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake. Tukaamkia, shikamoo babu, shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba moja kwa watu saba. Hakukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nani kaandika hii?"

Nitawaambia nilichofanya, maana bila hicho hii si kumbukumbu ya kweli. Nilimgeukia Mzee Maganga. Nilimtazama seremala yule, ambaye kalamu yake ilikuwa ya kuchorea mbao, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. Maganga akanitazama mimi. Kisha watu wote wakanitazama mimi.

"Ni mimi, babu," nikasema.

"Chukua. Soma. Kwa sauti, mie macho yangu mabovu, huenda nimeona visivyo."

Nikasimama. Nikasoma: "Chama cha Wachezea Watoto kinapenda kukuarifu kwamba mwanao atachezewa mara mbili kwa wiki, na mtaalamu mmoja, katika chumba tulivu chenye faragha."

Nililisikia neno lile kwa mara ya kwanza nilipofika kwenye "atachezewa". Nyie mnajua neno hilo likisemwa juu ya mtoto na mtu mzima linabeba nini. Nilimalizia sentensi kwa sababu mdomo ulikuwa umeshaanza, na kila neno lililofuata lilikuwa baya kuliko lililopita. Tulivu. Faragha. Nilitamani sakafu iwe mchanga nijifukie.

Mzee Maganga akaona amuokoe mtu. "Ah, Mzaramo," akasema, "na kusoma mmeanza lini?"

"Mlipotua mizigo mkatuachia nafasi ya kukaa," Mzee Mwinyimvua akamjibu bila kugeuka.

Wawili watatu wakaanza kucheka, na mimi nikapumua, nikadhani utani utabeba jambo hili ulivyobeba mengi kati ya Wazaramo na Wanyamwezi, ambao mababu zao walikuwa wapagazi. Mama Chande akainua mkono.

"Maganga, utani wenu nauheshimu. Usubiri kidogo. Mzee ameuliza jambo, hajajibiwa." Akamgeukia babu. "Mzee, macho yako mazima. Karatasi imesema hicho ulichosoma. Ningekuwa mimi mwenye mjukuu ningekuja na fimbo."

Nilitegemea aseme kwamba mzee hakuelewa, kwamba mwandishi alikusudia hiki na kile. Hakusema. Akamkalisha, akaagiza chai yake iletwe kwanza, kisha akasema, "Uliza unachotaka. Sie tutajibu, hata kama jibu baya."

"Mjukuu wangu humo chumbani anakaa na nani?"

"Na Rehema."

"Na nani mwingine?"

Mama Chande akanitazama mimi, kisha akamrudia mzee. "Hakuna mwingine."

"Mlango?"

"Tunafunga. Kuna mashine ya kusaga jirani, kelele."

"Basi mkifunga, mie nikiwa nje najuaje kama nyie si kama yule Profesa? Yeye pia anafunga."

Sisi, chama cha kutazamana, tulikuwa tumejiwekea mambo kumi na matano ya kufanya, na hatukuwahi kujiuliza swali la babu mmoja. Mimi na kanuni zangu tisini na nne nilikuwa na kanuni ya chafya, sikuwa na kanuni ya mlango.

Mzee Maganga akasimama. Sikuelewa anakwenda wapi. Alitoa bisibisi kwenye mfuko wa koti, akaenda kwenye chumba cha watoto, tukasikia bawaba ya juu, kisha ya chini. Akarudi ameubeba mlango mgongoni, akauegemeza ukutani mbele ya mzee.

Mzee Mwinyimvua akautazama mlango, akamtazama Maganga. "Mnyamwezi na mzigo," akasema. "Upeleke mpaka Tabora."

Hapo ndipo watu walicheka, na hapo kicheko kilikuwa halali.

Kabla chai haijapoa tukawa tumekubaliana, na mzee yule ambaye si mwanachama akiwa katikati yetu kama ndiye katibu. Hakuna anayekaa na mtoto chumba chenye mlango. Mtu wa familia akitaka kukaa kizingitini anakaa, haombi ruhusa. Hakuna karatasi inayotoka bila kusomwa kwa sauti mbele ya mtu asiye mwenzetu. Haya mnayoyakuta leo yamepigwa chapa kwenye kadi zenu, mkidhani yalitoka kwa wataalamu, yalitoka kwa fundi cherehani aliyekasirika.

Na jina. Mama Chande akamwuliza, "Wewe mwenye Kiswahili chako, tujiiteje?"

"Nyie mnafanya nini?"

"Tunacheza na watoto."

"Semeni hivyo. Mtu akicheza na mtoto, wote wawili wanacheza. Mbona mnatafuta maneno?"

Akasimama, akakunja barua yangu mara nne, akairudisha mfukoni. "Nawapa mwezi mmoja. Mtoto asiposema, nampeleka kwa Profesa, hata mkiezua na bati."

*

Nilitaka kujiuzulu. Niliandika barua ya kujiuzulu, na kwa utaratibu mpya ilibidi niisome mbele ya mtu asiye mwanachama, nikamsomea muuza maji. Akasema sentensi ya pili ndefu. Nikaichana.

Mzee alianza kuja na Tatu. Alikaa kizingitini juu ya kigoda, tasbihi mkononi, akinitazama. Kila mara niliposogeza mkono nilijiona kama ninayefanya mtihani. Nilitokwa jasho, Tatu akanipangusa shavu kwa kipande cha kanga, akaendelea na mambo yake.

Mambo yake yalikuwa haya. Alichukua mwanasesere wa matambara, akamlaza kwenye mchanga, akamfunika. Kisha akawapitisha wengine, mmoja mmoja, mbuzi, ng'ombe, watu wa vifuniko vya soda. Kila mmoja alimbeba juujuu asiguse mchanga, na alipofika karibu na aliyelala Tatu aliweka kidole mdomoni. Jogoo wa mbao alimzika mpaka shingoni. Siku inayofuata, hivyohivyo. Na inayofuata.

Niliandika kurasa mbili. Zilikuwa nzuri. Niliandika kwamba mtoto anaonyesha hofu ya watu wazima wanaomlazimisha kusema, na jogoo ni sauti yake mwenyewe aliyoifukia. Nilizisoma Jumamosi, imebaki wiki moja katika mwezi wa mzee. Nilipomaliza Mama Chande akauliza:

"Nani amelala?"

"Wapi, mama?"

"Mchangani. Umesema kuna mtu amelala. Nani?"

Nikatazama kurasa zangu. Jibu halikuwemo. "Sijui," nikasema. "Sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nawaza namna ya kuliandika la jogoo."

Mama Chande akatikisa kichwa taratibu. "Hilo sasa ni kosa," akasema, akanimiminia chai.

Akanielekeza, nami nawaelekeza nyie. Usimwulize mtoto nani amelala. Ukimwuliza anajua unataka jibu, na atakupa la kukufurahisha au atafunga. Sema unachokiona, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia mvua. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Jumanne, Tatu akaanza tena. Akamlaza, akamfunika, akawapitisha. Nikasema, "Naona kuna mtu amelala." Akaendelea. Nikasema, "Naona kila anayepita ananyata." Akaweka kidole mdomoni. "Naona jogoo hawezi kuwika."

Nyuma yangu tasbihi iliacha kulia.

Mzee Mwinyimvua alisimama, akavua ndala, akaingia. Alichuchumaa kando yangu na kuniambia kwa sauti ndogo, "Asubuhi ile watoto walikuwa wanakimbizana uani. Mie nikatoka nikawaambia nyamazeni, bibi amelala. Tatu akapelekwa kwa jirani. Aliporudi bibi hayupo, na mie sikusema kitu tena."

Katika daftari langu kulikuwa na kanuni kuhusu mtoto kutajiwa kifo. Ilikuwa na vipengele vinne. Nilifungua mdomo nimwambie mzee asubiri, kisha nikaufunga. Katika miaka yangu yote ya kazi sijui kama nilifanya jambo bora kuliko hilo la kufunga mdomo.

Akapiga magoti mchangani na kanzu yake.

"Tatu. Babu alisema bibi amelala."

Mtoto akamtazama.

"Hakulala, mjukuu wangu. Bibi alikufa. Mie ndiye nilikosea kusema. Hata ungepiga kelele namna gani usingemwamsha. Hukumwamsha wewe, wala hukumkosea."

Tatu alikaa. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma, na bila mlango tulikuwa kama tumekaa ndani yake. Kisha akanyoosha mkono, akamfukua jogoo, akampangusa mchanga kichwani kwa kidole gumba, na kumwekea babu yake kiganjani.

"Mwikishe," akasema.

Sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyowaza, kama ya mtu aliyeamka. Mzee akamtazama jogoo. Akanitazama mimi, nikaangalia pembeni. Kisha Mzee Mwinyimvua, mwenye wajukuu kumi na mmoja, akainua kichwa akawika. Akawika tena, maana Tatu alisema ya kwanza haikufika. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mashine walikuja kuchungulia na nyungo zao, na hakukuwa na kitu cha kuwazuia.

Kesho yake haikuwa zamu yao. Asubuhi nikifagia nikamwona mzee anakuja, macho mekundu, ameshikwa mkono na Tatu, na Tatu anaongea. Hakunisalimia, hakuwa na nafasi. Mzee ndiye aliyenifikia kwanza.

"Mwalimu," akaniambia, "chama chenu hakina dawa ya kunyamazisha?"

"Kwa nini, babu?"

"Tangu jana. Alikuwa ameyaweka yote. Ameanza na paka aliyezaa, akaja Ramadhani nzima, kila futari na aliyepika. Miezi mitano, mwanangu, na yote anataka kunisimulia mie."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nasikiliza. Nifanyeje?" Akavuta benchi kwa mguu, akakaa, akamgeukia mjukuu wake. "Enhe. Siku ya Idi ikawaje?"